Simu ya Siku ya Maziko

Shela, Malindi
11 Agosti 2025

Kwa Fridah, mtangazaji wetu,

Ningeanza kwa kukujulia hali, lakini hali yako naijua: uko rumande. Na yangu unaijua: niko eda. Mume wangu Badawi tumemzika Jumatano, na tangu siku hiyo sijavuka kizingiti cha mlango wangu. Tumefungiwa sote wawili, ila mimi nimefungwa na dini na mapenzi, na wewe umejifunga mwenyewe kwa ajili ya ulimi wa mtu mwingine.

Yaliyotokea nimesimuliwa tu, maana siku ile redio ilizimwa humu ndani watu wakisoma hitima. Nimeambiwa jioni ya maziko, katika kipindi chako cha simu, mtu alipiga akasema, "Badawi msimwombee. Aliwauzia matajiri njia yetu ya kushukia ufukweni. Mchanga alioula, na umle yeye." Nimeambiwa aliongeza matusi juu ya nyinyi watu wa bara. Nawe, Fridah, ulimsikiliza mpaka akachoka mwenyewe. Kitufe cha kumkata kilikuwa chini ya kidole chako na hukukigusa.

Redio hiyo ni yetu. Badawi ndiye aliyehangaika miaka kuitafutia leseni, na leseni hiyo sasa imebaki kwangu. Ndiye aliyekuajiri wewe wakati watu walipokicheka Kiswahili chako cha Meru. Akasema, "Muacheni, sauti anayo." Hayo ndiyo malipo yake, kulaaniwa katika redio yake mwenyewe kabla udongo haujakauka?

Sasa vijana wameipiga studio mawe, polisi wameifunga, na shemeji yangu Shee, ndugu wa marehemu, ameshtaki kwa jina la familia, kwamba marehemu amevunjiwa heshima hewani. Hakimu amekunyima dhamana, ati kwa usalama wako. Shee ananiambia namba iliyopigwa imewafikisha kwa mama muuza viazi karai, ambaye simu yake huazimwa na kila mpita njia. Kwa hiyo anayemjua mtu huyo ni wewe peke yako. Wote waliosikiliza wanasema ulishtuka ukamwuliza, "Ni wewe?" Kisha ukanyamaza.

Nina ombi moja tu. Sema jina. Shee ameniahidi shitaka lako litaondolewa siku hiyohiyo. Kisasi nawe sina. Nataka nimjue aliyemtukana maiti wangu.

Ummulkheir, mjane wa Badawi


Rumande ya wanawake
16 Agosti 2025

Shikamoo Bi Ummulkheir,

Pole sana mama. Nilikuwa njiani kuja kukaa na wanawake wenzangu kwenye jamvi lako, nikakamatwa na leso mkononi. Waliniruhusu kuingia nayo, ndiyo ninayojifunika.

Kabla sijaendelea, ujue barua hizi husomwa langoni. Msomaji wetu ni Afande Cherop. Si mtu mbaya, lakini kazi ni kazi. (Afande, habari ya leo.) Kwa hiyo mama, andika lile ambalo hata likisomwa na mtu mwingine halitakuumiza.

Umeniuliza kuhusu kitufe. Siku yangu ya kwanza studio, Mzee Badawi alinionyesha vyote, hiki cha muziki, hiki cha matangazo. Alipofika kwa kile chekundu akasema, "Hiki ni cha mtu atakayesema fulani apigwe, au nyumba ya fulani ichomwe. Kwa mengine yote, mkono wako uuweke magotini." Nikamwuliza, je, akitutukana sisi? Akacheka. Akasema hasa akitutukana sisi.

Mama, mtu yule hakusema kaburi lifukuliwe. Alisema msimwombee. Ni maneno machungu, na kwa maoni yangu si ya haki, lakini ni maneno. Kisha akanigeukia mimi: nyinyi wa bara kupe, mmekuja kutunyonya, rudini kwenu. Miaka tisa nimeishi Malindi!  Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, nikakirudisha magotini.

Jina siwezi kulisema. Si kwamba nampenda mtu huyo. Hata angekuwa adui yangu ningefanya vivi hivi, au ningependa kuamini hivyo. Kuna mwanamke alipiga mwaka jana kutuambia mambo ya chifu wao. Kuna muuguzi alipiga akilia. Walipiga kwa sababu waliamini hatutawataja. Nikimtoa huyu kwa sababu maneno yake yalikuwa mabaya, wale wengine watajuaje kwamba yao ni mazuri ya kutosha?

Jambo la mwisho. Nasikia rekodi ya simu ile inazunguka kwenye simu za watu. Usiisikilize. Nakuomba sana, mama. Uliyosimuliwa yanatosha.

Wako mtiifu,
Fridah


Shela, Malindi
21 Agosti 2025

Fridah,

Marahaba. Salamu naipokea, mengine yamenishinda kuyapokea.

Umeniomba nisiisikilize rekodi. Kumbe hata wewe unajua ni uchafu wa namna gani! Basi uchafu huo ndio unaolalia sakafu kwa ajili yake.

Unaniambia ni maneno tu. Mimi nimezaliwa Siyu, katika nyumba ya watu wanaopima neno kabla ya kulitoa. Mtu akisema barabara mbovu, hayo ni maoni. Akisema mwenyekiti wa kamati ya ufuo hafai, hayo pia ni maoni, na Badawi, mwenyekiti mwenyewe, aliyasikia mengi akiwa hai. Lakini kumwambia maiti mchanga umle, siku ileile anayotiwa mchangani, hayo mniambie ni haki ya nani. Maiti hawezi kupiga simu kujibu.

Humu ndani naisikia sauti ya Shee tu nyuma ya pazia, kila asubuhi, "Kasema? Bado hajasema?" Hasira zake zimenichosha kuliko msiba. Mwanangu Faiz ndiye ningemtaka karibu. Yeye na baba yake walikuwa hawaelewani, unajua, ndiyo maana alihamia Mtwapa. Lakini siku ya maziko alikuja, akashika jeneza na wanaume wenzake, akaondoka bila kuniaga. Simu zangu hapokei. Uchungu umemziba mdomo mtoto wangu. Huyo ndiye wa kuhurumiwa, si mtukanaji wako.

Nitakuambia wanayosema watu, usije ukasema sikukwambia. Wanasema mtu huyo ni bwana yako. Wanasema hakuna mwanamke anayekubali kufungwa kwa ajili ya mtu baki. Mimi sikuwajibu, maana sina la kuwajibu.

Ummulkheir


Rumande ya wanawake
1 Septemba 2025

Shikamoo mama,

Si bwana yangu. Ningekuwa na bwana angeniletea sabuni.

Barua hii usiitafutie mpangilio. Kesi ilitajwa juzi, ikaahirishwa tena. Mwenye nyumba wangu huko Kisumu Ndogo ametoa vitu vyangu nje, na dada yangu Lynn amebeba godoro kichwani akitafuta pa kuliweka. Chakula kinanishinda kumeza. Nakohoa. Usiku kuna mama mmoja hapa anaita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kisha anaanza upya, nami naziba masikio kwa leso.

Kortini mwendesha mashtaka alinijia kwenye benchi, mpole kabisa, akasema, "Dada, jina moja tu, na leo unalala kwako." Mama, nakuambia ukweli: nilifungua mdomo. Jina lilifika kwenye meno. Nikaona huyo mtu akiwekwa hapa nilipo, kwa sababu tu alisema jambo ambalo sisi wote tulilichukia, nikafunga mdomo tena. Lakini usinidhanie shujaa. Nimechoka. Siku nyingine sijui kama nitaufunga.

Unasema maiti hawezi kujibu. Ni kweli. Lakini wewe uko hai, na mimi kila siku hapa nawaza jambo hilohilo. Kama studio ingekuwa wazi, kesho yake saa ileile ningekupigia mimi. Ningekuambia, Bi Ummulkheir, umesikia yaliyosemwa, sasa sema wewe. Wewe unajua habari ya njia ile kuliko mtu yeyote. Ungemjibu, na wazee wa ufuo wangepiga, na wale wa bara niliotukanwa nao wangepiga, na kufikia Ijumaa Malindi nzima ingejua nani mkweli. Badala yake nini kimetokea? Wameifunga redio. Neno la mwisho kusikika katika redio ya Mzee ni lile la kumlaani. Baada yake kimya. Aliyemjibu ni nani? Wamemjibu kwa mawe, na mawe hayakueleza kama njia iliuzwa au haikuuzwa.

Wanaosema wanamlinda Mzee ndio waliomwachia tusi hilo limkae.

Sikuombi unitoe. Nakuuliza jambo moja: je, wewe umeshtaki? Maana shitaka limeandikwa kwa jina la familia, na jina lako ndilo la kwanza. Kama hujashtaki, sema hujashtaki. Hata ukimwambia Shee peke yake nyuma ya pazia, mimi nitalala vizuri zaidi.

Fridah


Shela, Malindi
8 Septemba 2025

Mwanangu Fridah,

Nisamehe lile neno la bwana. Nililiandika kwa hasira, nikaona haya kabla wino haujakauka, na nikalituma vivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma hadi imechanika mkunjoni. Nikajiuliza, kweli, mimi ningemjibu nini mtu yule? Na jibu ninalo. Badawi hakuuza njia. Alipokuja tajiri kujenga ukuta ufukweni, alimwahidi Badawi kuacha lango litakalokuwa wazi mchana kutwa, wavuvi wapite. Badawi akaamini, akatia sahihi kwa niaba ya kamati. Ukuta ulipokamilika, lango likatiwa kufuli. Alidanganywa, mwanangu. Na akaona haya kusema kwamba yeye, Badawi, amedanganywa kama mtoto. Akanyamaza hadi akaugua. Hayo ningeyasema hewani na watu wangenielewa. Mtu yule amekosea, lakini hakuokota jambo lake njiani.

Kwa hiyo nimemwambia Shee aliondoe shitaka. Akacheka kidogo nyuma ya pazia. Akasema, "Shemeji, mwanamke wa eda hana kauli mahakamani." Eti hata kutoka siwezi! Nikamtuma mpwa wangu Batuli kwa mwalimu wetu wa kike, yule aliyetusomesha wengi hapa Shela. Jibu limekuja: mjane akiwa na dharura hutoka mchana na kurudi kabla ya jua kuzama. Kama mtu asiye na hatia kufungwa kwa jina langu si dharura, basi sijui dharura ni nini. Kesi ikitajwa tena nitakuja, na nitasema mbele ya hakimu kwamba sikushtaki, wala simtaki aliyesema yale afungwe, awe nani, awe wapi.

Ila kabla ya hapo nataka niisikilize rekodi kwa masikio yangu. Siwezi kusimama mbele ya watu kumtetea mtu kwa maneno ya kusimuliwa. Najua uliniomba nisiisikilize. Mimi ni mtu mzima, nitavumilia. Batuli ananiwekea kwenye simu yake kesho baada ya adhuhuri.

Mama yako,
Ummulkheir


Shela, Malindi
9 Septemba 2025

Fridah mwanangu,

Barua hii naiandika kwa herufi za Kiarabu, zile tulizofunzwa chuoni Siyu tukiwa wadogo kuandikia Kiswahili chetu. Askari wa langoni hataijua. Wewe pia hutaijua, kwa hiyo Batuli atakuja nayo Jumamosi akusomee sikioni. Akimaliza, muichane. Asiione mtu mwingine.

Ni Faiz.

Hakuhitaji kusema maneno matatu. Alisema "Halo" tu, nami nikamjua. Sauti ile nimeinyonyesha mimi, Fridah. Naijua ikiwa na homa, naijua ikidanganya, naijua ikizuia kilio. Siku ile alikuwa anazuia kilio. Watu wote wamesikia matusi, hakuna aliyesikia kwamba analia. Batuli alitaka kuizima nikamshika mkono. Nikaisikiliza yote.

Sasa nimeelewa ulishtukia nini. Nimeelewa kwa nini hukutaka niisikilize. Mwezi mzima umelala sakafuni kumficha mwanangu asionekane na mimi, na mimi nakuandikia habari za bwana.

Nakumbuka mkutano wa kamati, mwaka juzi. Faiz alisimama kumwuliza baba yake habari ya lango. Badawi akamwambia mbele ya watu wote, "Kaa kitako." Akakaa. Wiki ileile akahamia Mtwapa. Redio mume wangu aliifungua iwe ya kila mtu. Nyumbani sauti ilikuwa ya mmoja.

Jana nilikuandikia kwamba mwenye maneno yale asifungwe, awe nani. Niliandika nikimdhania mtu wa mbali, na nilijiona mwema. Leo ni wa tumbo langu, na sijui tena kama ninalotetea ni haki au ni mtoto. Naona haya kukuomba uendelee kunyamaza. Naogopa hata kukuomba useme. Sina uso wa kukuomba lolote. Nakuambia tu kwamba najua, ili usiwe peke yako kujua.

Mama Faiz


Rumande ya wanawake
14 Septemba 2025

Shikamoo mama,

Leo nina furaha kidogo, usishangae. Jana Batuli alizuiwa langoni kwa kuwa alisahau kitambulisho, tukaonana kwa mbali tu na kupungiana mikono. Aliniashiria sana kwa vidole, nikamwashiria na mimi. Lakini barua yako aliiacha wakanipa.

Afande Cherop aliigeuza juu chini, akaitazama kwa ubavu, akasema, "Hii ni dua." Akanipa bila maswali. Mama, sijui nikushukuru vipi. Nilikuomba neno moja kwa Shee, nawe ukaniandikia dua ukurasa mzima kwa mkono wako! Mimi ni Mmethodisti wa Meru, lakini usiku nimeiweka kifuani, na kwa mara ya kwanza sikumsikia yule mama anayeita watoto.

Nataka niijue maana yake. Kila Ijumaa anakuja ustadhi kuwasomesha akina mama Waislamu hapa. Nitamwomba anisomee.

Barua yako ya tarehe nane nayo nimeipata. Sikujua nilie au nicheke. Kama bado hujaisikiliza rekodi, nakuomba tena, iache.

Wako anayekupenda,
Fridah


Shela, Malindi
18 Septemba 2025

Fridah,

Usimpe mtu barua ile. Si dua. Ichane, imeze, itupe chooni. Asiisome ustadhi wala mtu yeyote.

Batuli anakuja nayo hii mbio sasa hivi, na kitambulisho anacho. Mungu akufikishie.

U.


Nyumbani kwa dada Lynn, Kisumu Ndogo
27 Septemba 2025

Mama,

Sijui kama utaifungua hii. Ukiichana nitaelewa.

Barua yako ya kunionya nilipewa Jumamosi. Ijumaa ilikuwa imekwisha pita.

Nilimpa ustadhi karatasi baada ya darasa. Alifurahi. Alisema siku hizi ni nadra kuona mwandiko kama huo, akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake nzuri ya msikitini, kila mtu apate baraka. Wanawake wote wa benchi walisogea karibu. Yale ya mwanzo kuhusu askari wa langoni yalimfanya asite, lakini macho yake yalikuwa yametangulia na ulimi ukayafuata. "Ni Faiz," akasema. Kisha "Sauti ile nimeinyonyesha mimi." Hapo ndipo alipofunga karatasi. 

Afande Cherop alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alinitazama. Naye alitamani asiwe amesikia, niliona usoni mwake, lakini alikuwa amesikia. Na hata asingesema yeye, benchi lilikuwa na watu kumi na masikio yao.

Mwezi mzima nilibana jina lile kwenye meno, mama. Lynn ananiambia si kosa langu. Mwenzangu mmoja wa huko ndani aliniambia ni kosa lako wewe kuandika. Mimi sitaki kusikia ni kosa la nani. Najua tu kwamba niliichukua barua yako kwa mikono yangu nikampa mtu aisome kwa sauti.

Walimchukua Faiz Mtwapa, dukani anakouza vipuri. Lynn alikutana na jirani wa Faiz, anasema hakukimbia, aliomba tu afunge duka kwanza. Mimi nikatolewa Jumatatu. Nilipita lango lilelile aliloingilia yeye, gereza moja, upande wa pili wa ukuta. Sikuweza kufurahia hewa.

Sasa wananitaka niwe shahidi. Nisimame niseme, naam, sauti ile ni yake. Nikikataa narudi ndani. Studio wamesema itafunguliwa tukiahidi kutopokea simu za moja kwa moja tena. Mama, nimefika mwisho wa akili yangu. Niambie niseme nini na nitakisema. Ukisema niseme ndiyo, nitasema ndiyo. Ukisema ninyamaze, nitarudi kwenye ile sakafu na sitalalamika. Amua wewe, mimi sina nguvu tena ya kuamua.

Fridah


Shela, Malindi
8 Oktoba 2025

Fridah mwanangu,

Sikuichana. Nilikaa nayo siku tatu sijaifungua, nikijua kilichomo, maana Shee aliniletea habari kabla yako.

Ungemwona Shee sasa! Alikuja akalia nyuma ya pazia, mtu mzima, akigonga paji la uso ukutani. Alikwenda mbio polisi kuliondoa shitaka, kwamba ni mambo ya familia, mtoto ni wetu, tutayamaliza nyumbani. Wakamwambia faili si lao tena wala si lake, ni la Jamhuri. Alipolipeleka lilikuwa la heshima ya marehemu. Nilitaka kumcheka, lakini nilijikuta nalia naye.

Baadaye akarudi na karatasi kutoka kwa mwendesha mashtaka. Kuna makubaliano, akasema. Faiz atie sahihi kwamba maneno yake yote yalikuwa uongo na anajuta. Mimi mwenye leseni nitie sahihi kwamba redio haitamweka mpiga simu hewani tena, milele. Tukitia sahihi sote wawili, analala nyumbani.

Niliichukua karatasi, Fridah. Usinidhanie zaidi ya nilivyo. Niliitia mkobani pamoja na kalamu, nikatoka na Batuli saa nne mchana, mara ya kwanza kulitazama jua tangu Badawi azikwe. Nilikuwa nakwenda kumtoa mwanangu, na redio ingekwenda inakokwenda.

Wakamleta nyuma ya waya. Amekonda, ndevu zimemjaa. Nikampa karatasi kupitia kwa askari. Akaisoma. Akasema, "Mama, nilikukosea wewe, nakutaka radhi. Na yule dada wa redio nilimtukana bure. Lakini baba aliiuza."

Nikamwambia, "Hakuiuza. Alidanganywa habari ya lango."

"Basi angesema kadanganywa. Watu wangemwelewa. Nilisimama kumwuliza, akaniambia kaa kitako."

"Ndipo ukamngoja afe umlaani?"

"Akiwa hai sikupewa nafasi."

Hapo nilipandwa na hasira, Fridah, hasira ambazo sijawahi kuzijua. Nilimwambia ana kiburi. Nilimwambia baba yake aliugua kwa haya na yeye hakuja hata kumshika mkono. Akaniambia mimi nilijua habari ya lango na nikanyamaza, kwa hiyo nisimfundishe. Akaniambia hivyo mimi, mama yake! Nikajibu, akajibu, tukapandiana sauti mpaka wafungwa wengine wakatugeukia. Miaka ishirini na saba nimemlea, na hatujawahi hata siku moja kubishana. Nyumbani kwetu mkubwa alisema na mdogo akaitikia, na tulidhani hayo ndiyo mapenzi. Askari akasema muda umekwisha. Batuli akanishika mkono kunivuta, na mimi bado nazungumza.

Karatasi imerudi mkobani bila sahihi yake wala yangu.

Umeniuliza useme nini mahakamani. Sitakuambia. Mara ya kwanza nilikuamuru useme, na nilikosea. Leo nikikuamuru unyamaze nitakuwa Shee wa pili. Utakalolichagua, mlango wangu uko wazi kwako, na godoro liko, mwambie Lynn asihangaike.

Usiku silali. Namwona Faiz kwenye ile sakafu uliyolalia wewe, nasikia anakohoa kikohozi chako. Naamka, naitoa karatasi, naishika kalamu, naiweka tena. Huenda kesho ikanishinda nikaitia sahihi. Mimi ni mama, usinishangae.

Lakini wageni wanaruhusiwa Jumamosi, na nitakwenda kwanza. Lile alilosema, kwamba nilijua nikanyamaza, bado sijamjibu.

Ummulkheir